Kutafuta maskani ya mhalifu wa mfululizo kwa ramani ya matukio yake: mwongozo kamili

Mhalifu anayerudia uhalifu wake huficha sura, hubadilisha mavazi, huvaa glavu na kujifunza kutoacha alama, lakini kuna jambo moja asiloweza kulificha: kila tukio hutokea mahali fulani, na mahali hapo alipafikia akitokea mahali pengine. Uchanganuzi wa kijiografia huchukua orodha ya mahali alipoonekana kutenda na kuuliza swali kwa kinyume: ikiwa mtu mmoja ndiye aliyefika kote huku, kuna uwezekano gani kwamba alikuwa akitokea hapa kuliko pale? Jibu lake si jina la mtu wala namba ya nyumba. Ni ramani iliyogawanywa katika miraba, na miraba hiyo imepangwa kuanzia ule unaostahili kupekuliwa kwanza hadi ule wa kuachwa mwisho kabisa.

Mwongozo huu unamfaa mchanganuzi wa taarifa za polisi, mpelelezi aliyekabidhiwa jalada la matukio yanayofanana, au mwanafunzi anayetaka kuielewa kazi hii hatua kwa hatua. Hesabu yenyewe nitaieleza kwa ukamilifu, ila nitakaa zaidi kwenye hatua zinazoitangulia, kwani nyingi ya ramani zinazopotosha huwa zimekwisha kuharibika kabla kompyuta haijawashwa.

Mawazo matatu ya kuelewa kabla ya kuanza

Wazo la kwanza linatokana na kazi ya Paul na Patricia Brantingham, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walioonyesha kwamba mhalifu naye ana maisha ya kawaida. Anaishi mahali, anakwenda kazini, anatembelea ndugu, ananunua mahitaji yake, na njia zinazounganisha sehemu hizo humjengea eneo analolijua vizuri. Uhalifu hutokea pale ambapo eneo hilo linakutana na shabaha zinazomvutia. Kwa hiyo tunachokitafuta si lazima kiwe nyumba. Kinaweza kuwa mahali pa kazi, nyumba ya mpenzi au kituo cha usafiri anachokitumia kila siku. Katika mwongozo huu nitakiita kitovu.

Wazo la pili ni mfifio wa umbali: kadiri mtu anavyokwenda mbali na kitovu chake ndivyo matukio yanavyopungua, kwa sababu safari hugharimu muda, nguvu na hatari ya kuonekana mgeni. La tatu linaonekana kulipinga la pili, ingawa kwa kweli hulikamilisha. Karibu sana na nyumbani mhalifu hujizuia, kwa kuwa hapo anajulikana na shabaha zilizopo ni chache. Eneo hilo ndilo ukanda wa kujiepusha. Ukiyaunganisha mawazo haya, kila tukio linazungukwa na kitu mfano wa pete, yaani uwezekano wa kitovu ni mdogo pale pale penye tukio, hupanda kwa umbali fulani, kisha hushuka taratibu. Mhalifu anayetenda kwa hasira ya ghafla, hata hivyo, hana ukanda huo, na wapo waliowashambulia majirani wa mlango wa pili.

Kim Rossmo, aliyekuwa polisi katika jiji la Vancouver, aliyageuza mawazo hayo kuwa fomula katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995. Nchini Uingereza mwanasaikolojia David Canter alikuwa amefika karibu na hapo kwa njia nyingine mwaka 1986, alipowasaidia polisi katika mfululizo wa ubakaji na mauaji yaliyotendwa karibu na reli za London.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba matukio ni ya mtu mmoja

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Ukiweka ndani ya ramani tukio moja la mtu mwingine, umeivuta ramani nzima kuelekea maskani ya mtu usiyemtafuta.

Anza na ushahidi wa kimwili: vinasaba, alama za vidole, alama za risasi, nyayo za kiatu. Pale usipopatikana, linganisha mwenendo: alivyomkaribia mwathiriwa, maneno aliyoyasema, chombo alichotumia, saa, alichochukua na alichokiacha ingawa kilikuwa na thamani. Usitafute mfanano peke yake. Matukio mawili ya wizi wa kuvunja dirisha la nyuma yanafanana, lakini kama nusu ya wezi wa eneo hilo huvunja madirisha ya nyuma, mfanano huo hauna uzito wowote. Chenye uzito ni jambo la nadra linalojirudia, na vilevile tofauti inayokataa kueleweka.

Yape matukio madaraja matatu: yaliyothibitishwa, yanayoaminika na yanayoshukiwa tu. Utafanya hesabu mara mbili, kwanza kwa daraja la kwanza pekee, kisha kwa yale mawili ya juu. Kama ramani hizo mbili zinaelekeza sehemu moja, una sababu ya kuamini matokeo. Zikitofautiana sana, rudi kwenye majalada.

Upelelezi wa mauaji ya Yorkshire, Uingereza, katika miaka ya 1970 unaonyesha gharama ya kulipuuza jambo hili. Mwaka 1979 wapelelezi walipokea kanda ya sauti ya mtu aliyejidai kuwa muuaji, na lafudhi yake ikawapeleka Sunderland, mbali na karibu mashambulizi yote. Kanda ilikuwa ya uongo. Muuaji, Peter Sutcliffe, alikuwa akiishi Bradford na alikuwa amehojiwa na polisi mara kadhaa katika upelelezi huo huo. Taarifa moja isiyo ya mfululizo, ikaaminiwa kana kwamba ni yake, ilizidi nguvu ramani nzima ya matukio halisi.

Hatua ya 2: Chagua mahali sahihi katika kila tukio

Tukio moja linaweza kuwa na mahali pengi. Chukua mfano wa mwathiriwa aliyefuatwa kutoka kituo cha basi, akashambuliwa nyuma ya ukuta ulio mita 300 kutoka hapo, na simu yake ikaokotwa siku iliyofuata chini ya daraja. Kituo cha basi kinaeleza mhalifu anawinda wapi. Ukuta unaeleza kwamba aliijua sehemu isiyoonekana kutoka barabarani, kwa maana hiyo huenda aliwahi kupita hapo mchana. Daraja linaeleza alielekea wapi baada ya kumaliza, na mara nyingi mtu aliyemaliza uhalifu huelekea kwake. Kuzichanganya nukta hizi tatu katika hesabu moja kama vile zina maana sawa ni kosa.

Andika kila aina ya mahali katika safu yake: pa kukutana, pa kushambulia, pa kuua kama palikuwapo, pa kutupa mwili au vitu, pa kuacha gari. Kisha chagua aina moja ambayo una taarifa zake nyingi na za uhakika zaidi, uifanyie hesabu, na zile nyingine uzitumie baadaye katika kusoma ramani. Kwa kawaida mahali pa kukutana ndipo hufaa zaidi, kwani hapo mhalifu alikuwa bado anafuata mazoea yake, ilhali mahali pa kutupa mwili huchaguliwa kwa hofu.

Angalia pia nukta zisizojitegemea. Mtu aliyevunja magari manne katika barabara moja usiku mmoja alifanya safari moja tu. Ukiziweka nukta zote nne, safari hiyo itapata sauti mara nne. Iwekee nukta moja.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali na ramani

Kila tukio lipate mstari wake: namba ya jalada, tarehe, siku ya juma, saa ya mapema na saa ya mwisho inayowezekana, koordinati, aina ya mahali, daraja la uhakika, na usahihi wa koordinati hizo kwa mita. Taarifa inayosema "karibu na soko" si sawa na ile inayotaja mlango, na jedwali lioneshe tofauti hiyo.

Koordinati za nyuzi zibadilishwe ziwe za mita kabla ya kupima chochote. Nyuzi moja ya longitudo ni takribani kilomita 111 kwenye ikweta, lakini kwenye latitudo ya nyuzi 60 ni kama nusu ya hapo, hivyo anayepima umbali kwa nyuzi moja kwa moja anaipotosha ramani bila kujua. Programu ya QGIS, inayopatikana bure, hufanya ubadilishaji huo. Baada ya hapo ziweke nukta kwenye ramani na uziunganishe kwa mfuatano wa tarehe. Kaa nazo kwa muda kabla ya kukokotoa lolote. Jicho lililotulia huona mambo ambayo fomula haiulizwi.

Hatua ya 4: Jiulize kama mbinu hii inafaa

Masharti ni haya. Kuwe na matukio yasiyopungua matano, kwani chini ya hapo matokeo huyumba kwa kila nukta unayoongeza au kuondoa. Yawe ya mhalifu mmoja, au kundi linaloondoka pamoja kutoka mahali pamoja. Kitovu kiwe hakijahama katikati ya mfululizo. Kikihama, gawa matukio kwa tarehe na ufanye hesabu mbili. Shabaha ziwe zimesambaa pande zote kwa kadiri fulani, maana aliyevamia benki sita anatuonyesha benki zilipo kabla ya kutuonyesha yeye alipo. Na kubwa kuliko yote, mhalifu awe anatenda akizunguka kitovu chake badala ya kusafiri hadi eneo la mbali na kurudi.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha wale ninaowaita wazungukaji na wasafiri. Canter na Paul Larkin walilichunguza mwaka 1993 kwa wabakaji 45 wa mfululizo nchini Uingereza. Walichukua matukio mawili yaliyo mbali zaidi kati yao, wakachora duara ambalo umbali huo ni kipenyo chake, wakakuta kwamba asilimia 87 ya wahalifu hao walikuwa na maskani ndani ya duara lao. Takwimu hiyo isichukuliwe kama sheria, kwani kwa wezi wa majumbani sehemu ya wasafiri huweza kuwa kubwa zaidi, na duara lenyewe wakati mwingine huwa pana kiasi cha kumeza mji mzima.

Kabla mhalifu hajakamatwa huwezi kujua kwa hakika yuko upande gani, ila dalili zipo. Matukio yaliyobanana katika eneo dogo lenye shabaha maalumu, kwa mfano mtaa mmoja wa starehe, yanaashiria msafiri. Yaliyotawanyika pande zote kuzunguka makazi ya watu yanaashiria mzungukaji. Yaliyojipanga kando ya barabara kuu au reli yanakuambia kwamba njia hiyo ndiyo iliyompeleka.

Wapo pia wasio na kitovu kabisa. Katika mashambulizi ya risasi ya Oktoba 2002 katika eneo la Washington, Marekani, watu 10 waliuawa ndani ya wiki tatu, na waliohusika walikamatwa tarehe 24 Oktoba wakiwa wamelala katika gari lao kwenye kituo cha mapumziko cha barabarani. Gari ndilo lililokuwa nyumba yao. Hakuna fomula ya umbali ambayo ingeionyesha nyumba inayotembea, na mchanganuzi mwaminifu anapoona dalili za namna hiyo huandika kwamba mbinu haifai, akaishia hapo.

Hatua ya 5: Amua namna ya kupima umbali

Katika mji wenye barabara zinazokatana kwa pembe mraba, jumlisha tofauti ya mashariki-magharibi na ile ya kaskazini-kusini. Kwenye maeneo ya wazi, mstari ulionyooka unatosha. Penye mto wenye daraja moja, mlima au reli isiyovukika, pima umbali wa barabara au, bora zaidi, muda wa safari. Uamuzi huu ufanyike mara moja na uandikwe. Kubadilisha kipimo hadi ramani ikupendeze ni kujidanganya.

Hatua ya 6: Fanya hesabu

Ieleze fomula ya Rossmo kwa maneno na utaona haitishi. Gawanya eneo la upelelezi katika miraba. Kwa kila mraba, pima umbali wake hadi kila tukio, uite umbali huo d. Chagua B, ambao ni upana wa ukanda wa kujiepusha. Kama d inazidi B, alama ya tukio hilo kwa mraba huo ni 1 igawanywe kwa d iliyopandishwa kwa kipeo f. Kama d haizidi B, alama ni B iliyopandishwa kwa kipeo (g − f), igawanywe kwa (2B − d) iliyopandishwa kwa kipeo g. Thamani inayotumika mara nyingi kwa f na g ni 1.2. Jumlisha alama za matukio yote, na hiyo ndiyo alama ya mraba. Kuhusu B, utaratibu wa kawaida ni kuchukua nusu ya wastani wa umbali kati ya kila tukio na tukio lililo jirani yake zaidi.

Tuifanye kwa mkono, kwa mfano niliouunda wenye matukio sita. Namba ya kwanza ni kilomita kuelekea mashariki, ya pili ni kilomita kuelekea kaskazini: A (2, 3), B (3, 7), C (6, 8), D (8, 5), E (7, 2) na F (4, 1). Tukipima kwa kujumlisha tofauti za pande mbili, kila tukio liko kilomita 4 kutoka kwa jirani yake wa karibu. Wastani ni 4, nusu yake ni 2, basi ukanda wa kujiepusha ni kilomita 2.

Sasa chukua mraba (4, 3). Umbali wake hadi A ni 2, hadi B ni 5, hadi C ni 7, hadi D ni 6, hadi E ni 4 na hadi F ni 2. Umbali wa 2 unatoa alama 0.435, wa 4 unatoa 0.189, wa 5 unatoa 0.145, wa 6 unatoa 0.116 na wa 7 unatoa 0.097. Jumla ya alama zote sita ni takribani 1.42. Rudia kazi hiyo kwa mraba (7, 4) upate takribani 1.35. Mraba (5, 4), ulio katikati kabisa ya matukio yote, unapata 1.05 tu. Mraba wa tukio D lenyewe unapata 0.79, kwa sababu uko ndani ya ukanda wa kujiepusha wa tukio hilo, na mraba wa pembeni (1, 9) unaambulia 0.56.

Kuna mafunzo mawili hapa ambayo programu hukuficha kwa rangi zake nzuri. Kwanza, kilele hakiko katikati. Anayedhani kazi hii ni kutafuta wastani wa koordinati angeelekeza nguvu kwenye (5, 4), na fomula inaukadiria mraba huo chini ya mingine kadhaa. Pili, tofauti kati ya 1.42 na 1.35 ni ndogo mno kubeba uamuzi mzito. Matukio yakijipanga mfano wa duara, ramani hutoa vilele vingi vinavyokaribiana, na ukitaja kimoja tu katika ripoti yako utakuwa umesema zaidi ya unachokijua. Jaribu kubadilisha upana wa ukanda (B ya fomula, si tukio B) kutoka 2 hadi 1.5, kisha hadi 2.5, uone vilele vinavyohama na vile vinavyosimama imara. Vinavyosimama ndivyo vya kuripoti.

Kwa mfululizo wa kweli, tumia kompyuta. Rigel ndiyo programu iliyotokana na kazi ya Rossmo, Dragnet ilitokana na ya Canter, na CrimeStat ya Ned Levine hupatikana bure. Hata jedwali la Excel linatosha kwa miraba elfu chache. Lazima niongeze kwamba ubora wa kompyuta katika kazi hii haukubaliwi na wote. Mwaka 2004 Brent Snook, Paul Taylor na Craig Bennell walionyesha kwamba watu wa kawaida waliofundishwa kanuni mbili rahisi, kwamba wahalifu wengi huishi karibu na wanapotenda na kwamba wengi huishi ndani ya duara la matukio yao, walikadiria maskani kwa usahihi unaokaribiana na wa programu. Rossmo alipinga namna walivyopima. Mimi naona faida ya programu ni kwamba inakupangia miraba yote kwa zamu, wakati kidole cha mtu kwenye ramani kinakupa nukta moja, na ukiikosa nukta hiyo hujui pa kuendelea.

Hatua ya 7: Isome ramani pamoja na mazingira na saa

Matokeo ya fomula hayajui kwamba mraba wenye alama ya juu ni ziwa. Ondoa mahali pasipokaliwa, lakini usiharakishe kuondoa viwanda, hospitali au karakana, kwa kuwa kitovu kinaweza kuwa kazini. Hapo ndipo saa na siku zinaposaidia. Matukio ya siku za kazi pekee, yakitokea muda wa watu kutoka kazini, yanaelekeza kwenye njia kati ya kazi na nyumbani. Ya usiku wa manane mwishoni mwa juma yanaelekeza kwingine.

Stuart Kind, mwanasayansi wa uchunguzi wa jinai aliyewahi kuwa mwongoza njia wa ndege katika jeshi la anga la Uingereza, aliitumia hoja ya saa kwa ustadi katika mauaji yale yale ya Yorkshire. Desemba 1980 alikokotoa nukta ya katikati ya mashambulizi 17, kisha akafikiri hivi: mtu asiyetaka kuchelewa sana kurudi nyumbani atashambulia mapema akiwa mbali na atakawia akiwa karibu. Akalinganisha saa na mahali, na yote mawili yakamwelekeza karibu na Bradford, katika eneo kati ya Manningham na Shipley. Sutcliffe alikuwa akiishi Heaton, mtaa ulio katikati ya hiyo miwili. Alikamatwa Sheffield tarehe 2 Januari 1981, si kwa sababu ya ramani, bali kwa sababu askari wa doria waligundua kwamba gari lake lilikuwa na namba za bandia.

Yape matukio ya mwanzo uangalizi wa pekee. Mhalifu asiye mzoefu hutenda karibu na anapopajua, na kadiri anavyojiamini au kuhofia doria ndivyo anavyosogea mbali. Ukiona matukio matatu ya kwanza yamekusanyika upande mmoja na yaliyofuata yametawanyika, upande huo uupe uzito katika maelezo yako hata kama fomula imeyahesabu yote sawa.

Hatua ya 8: Igeuze ramani kuwa orodha ya kazi

Ramani peke yake haimkamati mtu. Thamani yake huonekana inapokutana na orodha nyingine: majina yaliyoletwa na raia wema, wenye rekodi ya makosa yanayofanana, wamiliki wa gari la aina iliyoonwa, wafanyakazi wa mahali fulani, au watu watakaoombwa sampuli za vinasaba. Kila jina lipatiwe anwani, kila anwani ipewe alama ya mraba wake, na orodha ipangwe upya kuanzia alama ya juu. Upelelezi wenye majina 2,000 na wapelelezi wachache hubadilika kabisa pale majina 100 ya kwanza yanapochaguliwa kwa sababu inayoeleweka.

Anwani zenyewe ziwe za wakati wa matukio. Katika upelelezi wa ubakaji wa mfululizo mjini Lafayette, Louisiana, ambao Rossmo alishiriki, mhalifu aligunduliwa kuwa ofisa wa sherifu, na nyumba aliyokuwa akiishi wakati wa kufunuliwa kwake haikuwa ile ya wakati wa mashambulizi. Nyumba yake ya zamani ndiyo iliyoangukia eneo la juu la ramani. Mtu anayelinganisha ramani ya miaka kumi iliyopita na anwani za leo anaweza kumpita mhalifu huku akiwa na jina lake mkononi.

Katika ripoti, andika matukio uliyotumia na uliyoyaacha pamoja na sababu, kipimo cha umbali, thamani za B, f na g, na masharti unayoyatilia shaka. Andika pia, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba kuishi katika mraba wa juu si ushahidi dhidi ya mtu yeyote na hakutoshi kuombea hati ya upekuzi. Ramani ibaki ndani ya timu. Ikivuja, wakazi wa mtaa uliopakwa rangi nyekundu watageuka washukiwa machoni pa majirani zao, na mhalifu mwenyewe atajifunza pa kuhamia.

Hatua ya 9: Pima ulivyofanya baada ya mhalifu kujulikana

Hatua hii hurukwa karibu kila mahali, ilhali ndiyo pekee inayomfundisha mchanganuzi. Chukua kitovu halisi, hesabu ni miraba mingapi ilikuwa na alama sawa na au zaidi ya mraba wake, kisha ugawanye kwa idadi ya miraba yote. Kama eneo lilikuwa na miraba 400 na kitovu kilikuwa cha 28 kwa zamu, upekuzi ungefika kwake baada ya asilimia 7 ya eneo. Kupekua kwa kubahatisha kungechukua kwa wastani asilimia 50. Kipimo hiki ni bora kuliko kupima kilomita kati ya kilele na nyumba, maana kilomita 2 katika eneo la mashamba ni kidogo na katika mji uliosongamana ni watu elfu kadhaa. Uwe mwangalifu tu na ukubwa wa eneo ulilochagua mwanzoni, kwani kuongeza miraba mitupu pembeni hupunguza asilimia bila kuboresha chochote.

Hapo ndipo utakapojua pia ni sharti gani lililovunjika. Huenda alikuwa msafiri, huenda walikuwa wawili. Katika yale mashambulizi ya reli za London, John Duffy alihukumiwa mwaka 1988, na mwenzake, David Mulcahy, hakutiwa hatiani hadi 2001. Jedwali la matukio hayo lililomhesabu Duffy peke yake lilikuwa na safari za watu wawili chini ya jina la mmoja. Lirudie jedwali lako kwa taarifa mpya, fanya hesabu upya, na hifadhi matoleo yote mawili ndani ya jalada moja.